Hela isiyoombwa si posa

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum, na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na Jumapili naanza na ukurasa wa mahusiano kabla ya siasa, kama wengi wetu ingawa hatukiri. Jumapili iliyopita kijana mmoja aliwaandikia kwamba kuna binti anamfukuzia tangu mwaka jana. Binti amemwambia hamtaki. Kamwambia kwa mdomo, kamwambia kwa meseji, mwisho kamfungia namba. Kijana anauliza afanyeje. Mshauri wenu akamjibu: kaza, mwanangu, mwanamke hakubali kirahisi, tafuta namba nyingine umpigie, hiyo ndiyo mila yetu tangu mababu, na mvumilivu hula mbivu.

Nilirudia kusoma nikidhani mpiga chapa karuka mstari. Hakuruka.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Muheza, karibu na stendi. Watu wanadhani wakala anajua mambo ya pesa tu. Wakala anajua mambo ya mapenzi kuliko kungwi. Najua nani anamtumia nani, saa ngapi, na nani anarudisha. Na huo ushauri wa "tafuta namba nyingine" naujua unavyotekelezwa, maana unatekelezwa dirishani kwangu.

Unatekelezwa hivi. Wakala ana daftari: tarehe, jina, namba, kiasi, saini. Daftari linakaa limefunguliwa, na mteja anayefuata anasogezewa aandike mstari wake chini ya mstari wa mwenzake. Basi mtu mwenye shabaha yake anasubiri binti aje atoe hela, naye anaingia nyuma yake kununua vocha ya mia tano. Nimemwona mmoja akijiandikia tarakimu kiganjani kwa kalamu yangu mwenyewe, ile niliyoifunga kwa uzi. Siku hizi mistari ya juu naifunika kwa kipande cha boksi la sabuni. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, na ni sheria nzuri, lakini pale dirishani anayefanya kazi ni boksi la sabuni.

Sasa nieleze kisa, mshauri wenu aone ushauri wake ukifuatwa unafika wapi.

Nina binti ninayefanya naye kazi, mtoto wa marehemu rafiki yangu, ana miaka 23. Kijana aliyempenda si mhuni. Hilo naomba lieleweke, maana watu wakisikia habari hizi wanamuwaza mlevi anayevuta wasichana mikono gulioni. Huyu ana duka la spea za pikipiki, Ijumaa haimpiti, na shikamoo yake haikosi. Alimweleza binti nia yake mbele yangu, kwa adabu. Na binti akamjibu mbele yangu, kwa adabu vilevile: "Kaka, nashukuru, ila mimi sina nia hiyo. Naomba tusiendelee." Nilikuwa nahesabu noti za elfu mbili mbili, hesabu ikanipotea nikaanza upya. Kijana akacheka, akasema, "Haya, leo umechoka. Tutaongea kesho."

Umeona, Mhariri? Binti hakusema amechoka.

Jioni ile ikaingia elfu kumi kwenye simu yake. Hakuiomba. Akairudisha, na kurudisha kuna makato, makato akalipa yeye. Ikaingia elfu ishirini. Akarudisha, makato juu yake tena. Ikaja chipsi kuku kwa bodaboda, na bodaboda keshalipwa, hataki kusikia habari ya kurudi na mfuko. Ikaja vocha, na vocha ikishaingia hairudi. Alipochoka kukatwa akaiacha hela ikae, asiiguse. Hapo ndipo maneno ya mtaani yalipobadilika. Mwanzo ilikuwa "ana bahati." Sasa ikawa "anakula hela ya mtu huku anamzungusha."

Mtaa mzima ulikuwa upande wa kijana, na waliokuwa upande wake si watu wabaya. Jirani yangu wa vitumbua, mama mwenye huruma kuliko mimi, alikuja akamnong'oneza binti, "Mwanangu, mkataa pema pabaya panamwita." Madereva wa Noah, zile gari za abiria pale stendi, wakasema anaringa. Shangazi yake akapiga simu kutoka Korogwe kuuliza kijana wa watu ana kasoro gani. Binti akamjibu, "Kasoro hana, shangazi. Simtaki tu." Shangazi akakaa kimya kidogo, kisha akauliza tena swali lilelile. Ndivyo tulivyo. Kumkataa mwanamume tunamtaka binti alete ushahidi: analewa, ana mke kwao, ana mkono mwepesi. Asipokuwa na shtaka tunaona hana jibu.

Siku moja kijana akaja na wazee wawili wa ukoo wake, wakakaa kwenye benchi la wateja. Shauri lao lilikuwa fupi: binti arudishe hela zote au wapokewe posa. Wazee nawaheshimu, lakini hesabu ndiyo kazi yangu. Nikamwambia binti afungue simu, tukashuka muamala mmoja mmoja, mimi nasoma, mzee mmoja anaandika nyuma ya karatasi ya risiti. Imeingia, imetoka. Imeingia, imetoka. Zile alizoacha zikae tukazituma palepale wakiona. Kisha nikajumlisha makato yote aliyokatwa kwa kurudisha hela asiyoiomba, nikamsogezea mzee kikokotoo: anayedaiwa ni kijana. Mzee akavaa miwani, akatazama, akacheka mpaka akakohoa. Akamgeukia mpwa wake, "Mlipe mtoto wa watu." Akalipa, na sarafu za mia mbili mbili zilikuwemo.

Kijana ameshaoa, msichana wa Hale, na pilau yake tuliila. Vitumbua vya asubuhi ya harusi vilitoka kwa jirani yangu. Binti hakuja, alibaki kufungua kibanda.

Nije kwenye hilo neno la mila, maana ndilo lililonikera zaidi. Mila ipi? Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mshenga. Alitumwa na watu mpaka Pangani na Maramba, na sisi watoto tulikuwa tunamwona akipiga pasi kanzu kwa pasi ya mkaa siku ya kupeleka barua. Barua ya posa ilikaa kwenye bahasha, bahasha kwenye kitambaa, na hela ndani yake. Hela ile haikuwa ya kumnunua mtu wala ya kumfunga. Familia ikikubali, mambo ya mahari yanaanza. Ikikataa, bahasha inarudi na hela yake kamili, hakuna makato, na anayeirudisha ni yuleyule mshenga. Mwenye kuposa hakuwepo. Hakuambiwa hapana usoni mbele ya watu, wala binti hakulazimika kuitamka akiwa peke yake njiani na giza linaingia. Kesho wakikutana kisimani hakuna wa kuinamisha uso. Aibu yote aliibeba mshenga, na mshenga alikuwa mtu mzima, amezoea.

Tena kukataa kwenyewe kulikuwa na lugha. Wakubwa hawakusema "mtu wenu hatumtaki." Walisema binti bado mdogo. Walisema anasoma. Walisema kuna wengine walitangulia. Baba mdogo alikuwa akisema mshenga mbovu ni yule anayerudi na kumwambia aliyemtuma, "Wamesema anasoma, basi tusubiri amalize." Mshenga anayejua kazi anaweka bahasha mezani, anasema "tafuta kwingine," halafu wanaenda zao kunywa kahawa. Kazi yake kubwa haikuwa kubembeleza. Ilikuwa kusikia hapana hata ikisemwa kwa upole, na kuifikisha kwa mwenyewe ikiwa hapana bado, isigeuke njiani ikawa labda.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Bibi yangu mzaa mama alijua anaolewa alipoona mbuzi amechinjwa na yeye anaambiwa asitoke ndani. Wengi waliokubaliwa kwa niaba yao hawakuulizwa kabisa, na ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikataka hiari ya wote wawili, mume na mke, itolewe bila kulazimishwa. Ninachosema ni kwamba hata mila ile yenye kasoro zake ilikuwa na njia ya kurudisha bahasha. Sisi mshenga tumemwacha, mahali pake tumeweka simu, na simu inaingia mpaka chumbani saa sita za usiku na elfu kumi mkononi. Halafu mtu anaandika gazetini kwamba haya ni ya mababu.

Kwa Waislamu wenzangu nikumbushe kisa ambacho tumekisikia darasani mara nyingi, tunakisikiliza kwa masikio ya mapenzi tu tukimwonea huruma mwanamume. Barira alikuwa mtumwa, akaachiwa huru, na kwa kuachiwa huru akapata haki ya kuchagua kubaki na mumewe Mughithi au kumwacha. Akamwacha. Mughithi akawa anamfuata nyuma njia za Madina akilia, machozi yanateremka kwenye ndevu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia Barira: kwa nini usimrudie? Barira akauliza: Ewe Mtume wa Mungu, unaniamuru? Akajibiwa: hapana, mimi namwombea tu. Barira akasema: basi sina haja naye. Na maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyemwambia anaringa. Hakuna aliyemwambia Mughithi aongeze machozi. Mwombezi yule alikuwa Mtume mwenyewe, na mwanamke aliyekuwa mtumwa jana tu akabaki na neno lake. Sasa jirani yangu wa vitumbua, na mshauri wenu, na madereva wa Noah, wao wana cheo gani?

Najua jibu litakalokuja. Mtanijibu kwamba ndoa nyingi nzuri zilianza na hapana. Zipo, na kosa la hapo ni letu sisi wanawake wakubwa. Tunawaweka mabinti ndani, tunawafunda, tunawaambia: usikubali siku ya kwanza, atakuona rahisi, mzungushe kwanza, upime kama ana nia. Tumewafundisha kusema hapana wakiwa na maana ya bado. Kisha anakuja msichana mwenye hapana yake kamili, na kijana wa watu anaipokea kwa kipimo cha wale wengine. Makungwi na masomo wa mjini na vijijini naomba mnisikie: binti anayetaka kufikiria aseme "nipe muda nifikirie." Maneno ni matatu tu, hayamshushi hadhi mtu. Ile hapana aachiwe anayeihitaji.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi wa nyumbani. Mume wangu husimulia vijana kwamba alinipata kwa kung'ang'ania. Si kweli, na yeye anajua si kweli, na sasa imeandikwa gazetini. Aliponiambia nia yake nilimjibu "sijui," kwa sababu nilikuwa kweli sijui. Nilikuwa nasoma ushonaji na kichwa kilikuwa kwenye mitindo ya kola. Akasema, "Basi ukijua utaniambia," akaenda zake Tanga kwenye kazi yake bandarini. Hakuleta zawadi. Hakunituma mtu. Tulipokutana msibani kwa jamaa alinisalimia kama anavyosalimia watu wengine. Nilipojua, nilimwambia dada yake, na dada yake akamwambia. Huko ni kung'ang'ania? Lakini kila akiwa na kahawa mkononi hadithi inaongezeka. Mwaka huu nasikia alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Pongwe kuja kuniona.

Na si wanaume peke yao. Nina mteja, mwalimu wa watu, mpole, aliyelazimika kusajili laini mpya kwa sababu ya mama mmoja asiyeelewa kwamba mtu ana mke na anampenda. Alipokuja kuweka vidole vyake kwenye mashine alinong'ona kama anayeshitaki wizi, na vijana waliokuwa kwenye foleni wakamcheka: "Mwalimu, unakimbia bahati!" Hakuna aliyemuuliza anaumia kiasi gani. Mwanamume akisumbuliwa ni kichekesho, mwanamke akisumbuliwa ni bahati. Mimi sijui ni nani katika nchi hii anaruhusiwa kusumbuliwa na kusema kwamba anasumbuliwa.

Mshauri wenu pia angefungua vitabu vya sheria kabla ya kumtuma mtoto wa watu akatafute namba nyingine. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumbughudhi mtu kijinsia kwa maneno au kwa vitendo, adhabu yake kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumtisha mtu: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ukitazama vizuri utaona jambo la ajabu. Kumbughudhi binti kwa mdomo njiani, faini haizidi laki mbili. Kumsumbua kwenye simu, haipungui milioni tano. Wabunge wetu wana sababu zao. Ila kijana wenu wa Jumapili, akifuata ushauri wa "tafuta namba nyingine," amechagua upande wa bei ghali.

Sipendi polisi iingie kwenye mambo ya moyo. Dawati la Jinsia na Watoto lina kazi nzito za vipigo na watoto, na binti wa kibandani kwangu hakutaka kwenda. Alisema kijana hajamtisha, na ni kweli hakumtisha. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kati ya kijana mwenye shikamoo na mtu wa kupelekwa kituoni kuna nafasi kubwa sana, na ndani ya nafasi hiyo binti alikuwa halali vizuri, anaruka simu ikilia, anapita njia ya nyuma ya ghala la machungwa ili asipite mbele ya duka la spea. Hapakuwa na kosa ambalo ungeweza kuliandikia maelezo. Mambo madogo tu, kila siku, na kila moja ukilisimulia peke yake linaonekana ni mapenzi.

Basi nina maombi mawili, Mhariri.

La kwanza kwenu. Mshauri akiletewa barua kama ile, amuulize mwenye barua maswali mawili kabla ya kumjibu: binti alisema nini, neno kwa neno? Na wewe ukafanya nini baada ya hapo? Majibu ayachapishe juu ya ushauri wake, wasomaji tujisomee wenyewe. Na siku moja ukurasa ule uchapishe barua ya anayefukuziwa. Miaka yote ninayousoma nimekutana na wafukuziaji tu.

La pili ni kwa kampuni za simu, na hili nalisema kama mtu wa biashara. Hela ikitumwa kwenye namba yangu inaingia tu, kama mimi sipo. Naulizwa namba ya siri nikitaka kuitoa, siulizwi chochote ikiingia. Kwa nini? Ikija hela, simu iniulize: bonyeza 1 kupokea, bonyeza 2 kukataa. Nikibonyeza 2 irudi ilikotoka, na makato ya safari zote mbili yamwangukie aliyetuma. Wanaotumiwa ada na matumizi na wazazi wao watabonyeza 1 na hakuna kitakachowachelewesha. Na yule atakayebonyeza 2 atakuwa amejibu, jibu limeandikwa na saa yake na tarehe yake, na wazee wakija kukaa kwenye benchi langu sitahitaji kikokotoo.

Jina na namba yangu nimewaandikia pembeni kwa taratibu zenu. Jina mnaweza kulichapisha mkipenda, hapa mjini watanijua hata bila jina. Namba msiichapishe.

Wakala wa stendi,
Muheza, Tanga